Mafuta ya breki: kazi ya asubuhi moja kabla ya kushuka Kasanga



Katika matoleo yaliyopita tumezoea kuwaletea habari za visima, mbegu na madarasa. Safari hii tunaomba kuzungumzia kitu kidogo ambacho hakijawahi kupigwa picha siku ya makabidhiano, nacho ni mafuta ya breki ya gari. Tunafanya hivyo kwa sababu karibu kila kazi tunayowaripoti huwafikia walengwa kwa gari. Aidha, tunalo deni la maelezo kwa dereva wetu mmoja, ambaye sisi wenyewe tulimkosea kwa kutolijua jambo hili.

Yaliyotupata baada ya kuipita Matai

Kwa wale ambao hawajafika kwetu, Matai ni mji mdogo ulio juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye barabara ya kilomita 112 itokayo Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga. Ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyoanzishwa mwaka 2012. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi. Kwa hiyo mtu anayetoka mjini kwenda Kasanga kununua migebuka anashuka zaidi ya mita 1,000, na sehemu kali ya mteremko anakutana nayo baada ya kuipita Matai, pale uwanda unapokatika kuelekea Bonde la Ufa.

Miaka kadhaa iliyopita gari letu la mradi, Land Cruiser ya mizigo, lilipeleka mifuko 18 ya saruji kwenye mtaa mmoja wa upande wa ziwani. Ndani walikuwamo watu watatu. Kwa kuwa alikuwa na mzigo, dereva alishuka akiwa ameshikilia breki muda mrefu, akiamini kwamba huo ndio uangalifu. Katikati ya mteremko pedali ikawa laini, kisha ikazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Aliikanyaga mfululizo akapata breki kidogo, akaingiza gia ya pili kisha ya kwanza, akavuta handibreki, na mwisho akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Hakuna aliyeumia. Taa moja ilivunjika na mifuko miwili ya saruji ikapasuka.

Walikaa pale zaidi ya nusu saa. Dereva alipokanyaga tena, pedali ilikuwa ngumu kama kawaida. Wakashuka polepole hadi mwisho, wakapakua saruji, wakarudi. Kesho yake fundi alilikagua gari mjini akakuta hakuna bomba linalovuja, pedi ni nzima na breki zinashika vizuri. Kamati ikakaa, ikaona kwamba haiwezekani gari likose breki kisha lizipate tena lenyewe njiani. Dereva alipewa barua ya onyo kwa uzembe na kwa kutoa taarifa isiyo ya kweli. Sisi tunaoandika makala hii tulikuwa miongoni mwa waliotia saini.

Miezi minne baadaye fundi mwingine, mzee aliyekuwa akitutengenezea klachi, alisikia watu wakimtania dereva kuhusu habari ile. Hakusema neno. Alichukua spana, akafungua skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu la nyuma, akamwambia kijana wake akanyage pedali. Yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa. Akatuuliza mafuta yale yalibadilishwa lini. Tukaleta daftari la gari. Oili ya injini ilikuwa imebadilishwa kwa wakati, kila mara na stakabadhi yake. Vivyo hivyo matairi, betri na chujio za dizeli. Mafuta ya breki hayakuandikwa hata mara moja tangu gari lilipoletwa, na hiyo ilikuwa miaka saba.

Mafuta yanavyoharibika yakiwa yamekaa tu

Unapokanyaga breki, unasukuma pistoni ndogo iliyomo ndani ya masta silinda. Pistoni hiyo inasukuma mafuta yaliyojaa kwenye mabomba membamba hadi kwenye kila gurudumu, na huko mafuta yanasukuma pistoni nyingine zinazobana pedi kwenye diski, au zinazopanua viatu vya breki ndani ya ngoma. Yote haya yanawezekana kwa sababu kimiminika hakishindiliki. Ukikisukuma upande mmoja wa bomba, nguvu inatokea upande wa pili. Mfaransa Blaise Pascal alieleza kanuni hiyo katika karne ya 17, na gari aina ya Duesenberg la Marekani lilianza kuuzwa likiwa na breki za namna hii kwenye magurudumu yote manne mwaka 1921. Tangu hapo mengi yamebadilika kwenye magari, lakini kati ya mguu wa dereva na magurudumu bado kuna mafuta yaleyale machache.

Mafuta haya si oili. Yale yanayouzwa kwa majina ya DOT 3 na DOT 4 hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli, ambazo zina tabia ya kunyonya unyevu kama chumvi inavyoloa wakati wa masika. Unyevu unaingia kupitia tundu la kupumulia kwenye mfuniko na hata kupitia kuta za mipira ya breki, kidogo kidogo, gari liwe linatembea au limeegeshwa. Hivyo basi gari la usharika linalotoka Jumapili tu halijayatunza mafuta yake kwa kupumzika. Hapa ndipo kamati nyingi zinapokosea, na sisi tulikosea hapohapo. Tulizoea kuhesabu matengenezo kwa kilomita, wakati mafuta haya yanachakaa kwa miezi.

Maji yakiingia yanafanya madhara mawili. La kwanza ni kutu ndani ya silinda na pistoni za breki, ambayo baadaye inasababisha breki kung'ang'ania au mafuta kuvuja. La pili ndilo lililotupata sisi.

Akina mama wa Ufipa wanajua kwamba maharage huku juu yanachelewa kuiva. Sababu ni kwamba katika mwinuko wa Sumbawanga maji yanachemka yakifika nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na kwa hiyo chungu hakipati moto zaidi ya hapo. Mafuta ya breki nayo yana kiwango chake cha kuchemka, lakini kinachokishusha ni maji yaliyoingia ndani yake. Kwa mujibu wa viwango vya Marekani, ambavyo ndivyo vilivyozaa majina haya ya DOT, mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205. Yakishapata maji ya asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachokubalika kinakuwa 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Tazameni tofauti hiyo. Maji ambayo hayafiki hata vijiko vinne vya chai katika nusu lita yanaondoa zaidi ya nyuzi 60 za usalama.

Sasa turudi kwenye mteremko. Gari letu siku ile, pamoja na saruji na watu, lilikaribia tani tatu. Uzito huo ukishushwa zaidi ya mita 1,000, nguvu yake yote ikigeuzwa kuwa joto inatosha kuchemsha karibu lita 90 za maji baridi, yaani ndoo nne za lita 20 na zaidi. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na injini endapo dereva ameshuka kwa gia nzito, na sehemu huondolewa na upepo. Linalobaki lote linaishia kwenye diski na ngoma, na kutoka hapo linapenya hadi kwenye mafuta.

Mafuta yenye maji yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminika, unashindilika. Dereva anakanyaga, nguvu ya mguu inaishia kuubana mvuke ndani ya bomba, na pedi hazisogei. Breki zikipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inakuwa ngumu tena, na hakuna alama inayobaki. Fundi wa kwanza hakutudanganya, kwani alikagua gari lililokwisha kupoa. Dereva naye hakutudanganya. Barua ya onyo tuliiondoa kwenye jalada lake, tukamwandikia nyingine ya kuomba radhi, nayo ilisomwa mbele ya kamati ileile.

Kubadilisha mafuta nyumbani

Baada ya hapo yule fundi mzee alitufundisha kazi hii katika uwanja wa usharika. Ni kazi ya watu wawili kwa asubuhi moja. Wenye magari madogo ya familia wanaweza kuifanya pia nyumbani, kwa utaratibu huohuo.

Kwanza somo mfuniko wa kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti. Umeandikwa aina inayotakiwa, na kwa magari mengi ya huku ni DOT 3 au DOT 4. Aina hizi mbili zinaweza kuchanganyika, na kuweka DOT 4 palipoandikwa DOT 3 hakuna ubaya. DOT 5 ni kitu kingine kabisa. Ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo, kwa hiyo muuzaji akikuambia ni bora kwa sababu namba yake ni kubwa, mwachie. Nunua chupa ambayo lakiri yake haijafunguliwa. Lita moja inatosha magari mengi, lakini kwa Land Cruiser nunua zaidi kidogo ili usipungukiwe katikati ya kazi. Chupa iliyobaki nusu tangu mwaka jana imekwisha kunyonya unyevu wa mwaka mzima, hata kama mafuta yake yanaonekana meupe.

Hapa tuongeze neno kuhusu rangi. Mafuta meusi ni dalili ya uchakavu, lakini mafuta safi kwa macho yanaweza kuwa na maji mengi. Kuna kalamu ya umeme ya kupimia maji inayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Kama hamna kalamu hiyo, fuateni kalenda.

Chagua siku kavu. Gari lisimame mahali tambarare, injini imezimwa, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe vizuizi mbele na nyuma. Ukiinua kwa jeki, weka stendi za chuma au magogo imara chini ya chasisi kabla hujaingiza hata mkono. Tofali halifai kwa kazi hiyo maana linapasuka bila taarifa. Kanyaga pedali mara kadhaa kumaliza nguvu ya msaada iliyobaki kwenye sevo. Futa vumbi lote kuzunguka mfuniko wa kikopo, kwani vumbi letu la Ufipa likiingia humo litatafuna mipira ya ndani.

Fungua mfuniko, nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano lililonunuliwa duka la dawa (baada ya hapo lisirudi nyumbani kwa kazi nyingine), kisha jaza mafuta mapya hadi alama ya juu. Ukianza bila kufanya hivi utasukuma uchafu wa kikopo upite kwenye mabomba yote bila sababu.

Sasa nenda kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, kawaida ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kushoto, na kumalizia mbele kulia. Baadhi ya magari madogo yana mpangilio tofauti wa mabomba, hivyo kama kitabu cha gari kipo, kifuateni. Nyuma ya kila breki kuna skrubu ndogo yenye tundu na kofia ya mpira. Itoe kofia, safisha, weka spana ya kufumba inayoingia sawasawa. Spana ya kuchezacheza itakula kona za skrubu, na ikikatikia ndani mtakuwa na kazi ya wiki. Kama imeshika kutu, weka dawa ya kulegeza kutu jioni ya siku iliyotangulia. Chomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga, na ncha yake ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta mapya kidogo, ili hewa isirudi ndani.

Msaidizi akae kwenye kiti cha dereva. Hapa maneno ni muhimu kuliko nguvu, na watu wawili lazima wakubaliane kabla. Sisi tunatumia manne tu. Aliye chini akisema "kanyaga", msaidizi anakanyaga taratibu na kujibu "nimeshika". Aliye chini anafungua skrubu kama robo mzunguko, mafuta yanatoka kwenye mpira, na pedali inashuka. Kabla haijafika mwisho anasema "shikilia" na kufunga skrubu. Ndipo anasema "achia". Akiachia skrubu ikiwa wazi, breki itanyonya hewa, na mtakuwa mmetengeneza ugonjwa mliokuwa mnautibu.

Kwenye gari la miaka mingi, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Sababu ni kwamba pistoni ya masta silinda katika matumizi ya kawaida haifiki mwisho wa silinda. Huko mwisho kuna kutu na utando wa miaka, na ukiipeleka hadi huko mipira yake inaweza kuchanika. Tumeona gari lililoingia kazini likiwa na breki nzuri likatoka na masta silinda iliyokufa kwa sababu ya ubao mmoja ambao haukuwekwa.

Rudieni hadi mafuta yanayotoka yawe na rangi ya yale mapya na bila vipovu. Kila baada ya kukanyaga mara tano hivi, ongeza mafuta kwenye kikopo. Kikopo kisikauke hata mara moja. Kikikauka hewa inaingia kutoka juu, na kazi yote inaanza upya kutoka gurudumu la kwanza. Mkimaliza gurudumu moja, kazeni skrubu kwa kiasi, rudisheni kofia, na endeleeni na jingine. Kwa Land Cruiser na magari mengine ya mizigo kuna pia valvu karibu na ekseli ya nyuma inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Nyingi zina skrubu yake ya kutolea upepo. Msiiruke, maana mafuta ya zamani na hewa hubaki humo. Magari yenye klachi ya mafuta yana kikopo kingine kidogo pembeni, na mafuta yake ni hayahaya, yanayochakaa vilevile.

Mafuta ya breki yanababua rangi ya gari. Yakimwagika, mwagia maji mengi mara moja. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi muda mrefu na umwone mganga.

Mwishoni jaza kikopo hadi alama, funga mfuniko, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima. Ikizama taratibu, kuna mahali panavuja au masta silinda imechoka. Ikiwa laini kama sifongo, bado kuna hewa. Ikiwa ngumu, washa injini na ujaribu tena. Itashuka kidogo tu kwa msaada wa sevo na kukaa hapo. Kisha jaribu gari uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu barabarani pasipo na watu, kabla ya kulipeleka kwenye mteremko wowote.

Yasiyofaa kufanywa uwanjani

Hatupendi makala hii imtie mtu ujasiri asiokuwa nao. Gari lenye mfumo wa ABS linaweza kubadilishwa mafuta kwa njia hii endapo hewa haijaingia kabisa. Ikiingia kwenye kifaa cha ABS, baadhi ya magari yanahitaji mashine ya gereji kuitoa. Mabomba yenye kutu, mipira iliyopasuka na pedi zilizokwisha ni kazi ya fundi. Na kikopo kinachopungua kila wiki hakihitaji kuongezwa mafuta tu, kinahitaji mtu atafute yanakokwenda.

Aidha, tunaomba sana tabia mbili zikome. Ya kwanza ni kuongeza oili ya injini, oili ya haidroliki au maji ya sabuni kwenye kikopo "ili tufike". Oili huvimbisha mipira yote ya ndani, na hapo hakuna tena suala la kusafisha, bali kubadilisha silinda moja baada ya nyingine. Ya pili ni kuachia gari frii mteremkoni, na wengine hata kuzima injini, ili kuokoa dizeli. Aliyefanya hivyo amejinyima breki ya injini, na aliyezima amepoteza pia msaada wa sevo. Mafuta mapya hayamlindi dereva wa namna hiyo. Wanaosafiri kwenda Mbeya wanaujua mteremko wa Iwambi, na wanaokwenda Iringa wanaujua mlima Kitonga. Kushuka kwa gia nzito toka juu, na kukanyaga breki kwa vipindi badala ya kuzishikilia, ndiyo namna ya kuzipa nafasi zipoe. Sasa barabara yetu ina lami, na wengi wanashuka kwa kasi ambayo zamani mashimo yasingeiruhusu.

Mafuta yaliyotolewa ni sumu. Yasimwagwe karibu na kisima wala shambani, na yasiachwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja, palipo na watoto. Sisi tunayaweka kwenye dumu lenye maandishi makubwa na kulifungia stoo hadi lipelekwe gereji inayokusanya mafuta chakavu. Yasichanganywe na oili chakavu ya injini, kwa kuwa huku wapo wanaoipaka kwenye mbao kuzuia mchwa.

Kuhusu bajeti

Ndugu wafadhili, mnapotupa gari huwa mnatuuliza kuhusu dizeli, bima na matairi, nasi tunawajibu. Hakuna fomu tuliyowahi kujaza yenye mstari wa mafuta ya breki, na sisi hatukuwahi kuuomba, kwa sababu hatukuujua. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kwa magari yanayoshuka Kasanga, au yanayoteremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze na Mtowisa, tumeamua iwe kila mwaka. Gharama ya mafuta yenyewe ni ndogo kuliko nusu tangi ya dizeli. Katika maombi yajayo mtauona mstari huo, na tunaomba usikatwe kwa kuwa ni mdogo.

Kwa upande wa kamati za sharika, tunaomba daftari la kila gari liwe na ukurasa wake wa mafuta ya breki, wenye tarehe, aina ya DOT na majina ya watu wawili waliofanya kazi. Tarehe hiyohiyo iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kipande cha plasta na kubandikwa kando ya kikopo, ili fundi yeyote akifungua boneti aione bila kuuliza. Pikipiki za wainjilisti zenye breki ya diski mbele ziingizwe pia. Kikopo chake kiko kwenye usukani, na mara nyingi hakijafunguliwa tangu siku ya kununuliwa.

Tumepanga kazi hii ifanyike mwezi Oktoba, kabla ya mvua za Novemba na kabla magari hayajaanza kubeba mbegu na mbolea. Itafanyika Matai, katika uwanja wa usharika, kuanzia saa tatu asubuhi. Kila usharika ulete gari lake, chupa mbili za mafuta zisizofunguliwa na mtu mmoja wa kukanyaga pedali. Spana, mipira na stendi zipo. Mwalimu wa siku hiyo atakuwa dereva wetu yuleyule, ambaye sasa amekwisha kuifanya kazi hii kwenye magari yote ya ofisi.